Kumjua Pugi Bila Kuingia Msituni

Kama uko Beni na unataka kumjua pugi, kanuni ya kwanza ni kutomfuata. Usimfuate msituni, usimfuate hata kwenye kichaka cha nyuma ya shamba. Pugi ni njiwa mdogo anayejitafutia riziki chini, juu ya majani makavu, na kila tabia yake inamsaidia asionwe na mtu anayekuja kwa miguu. Atakusikia kabla hujamwona. Atatulia hadi zibaki hatua chache, kisha ataruka chini chini kwa kishindo cha mbawa, akate kona nyuma ya mgomba, na wewe ubaki na rangi ya kahawia-nyekundu iliyopita machoni. Anayemfuata humwona mgongo tu. Anayekaa na kusubiri ndiye humwona akitembea, akiokota, akisimama kusikiliza.

Sababu ya pili haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa hapa. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamegeuza misitu na hata mashamba ya mbali kuwa mahali pa hofu. Watu wamefia kwenye kakao yao wenyewe. Mwongozo unaomwambia mtu wa Oicha aingie msituni alfajiri akiwa peke yake umeandikiwa nchi nyingine. Huu ni wa mtu anayeishi Beni, Mangina, Mutwanga au Butembo, anayejua mwisho wa mahali anapoweza kufika na saa anayopaswa kuwa amerudi, na ambaye bado angependa kujua ni nani analia kule nyuma ya migomba. Ukitaka kujua kama njia fulani iko salama leo, waulize wanaolima huko; hakuna kitabu cha ndege kitakachokujibu.

Bahati ni kwamba pugi hupenda ukingo. Upande wetu kuna watatu wa kuwajua, na wawili kati yao hufika wenyewe hadi karibu na nyumba.

Wa kwanza, na rahisi kuliko wote, ni pugi madoa-buluu, ambaye wataalamu humwita Turtur afer. Ana urefu wa sentimita 20 hivi, ni wa kahawia mgongoni na wa waridi iliyofifia kidarini, na kwenye kila bawa ana madoa machache ya buluu iliyoiva hadi kukaribia nyeusi. Madoa hayo hung'aa tu yakipigwa na jua; kivulini utaapa kwamba hayapo. Afadhali uangalie mdomo, ambao ni mwekundu na una ncha ya manjano. Huyu ndiye anayeinuka mbele ya gurudumu la pikipiki kwenye barabara ya udongo asubuhi na mapema, akiwa peke yake au na mwenzake. Hazoei makundi. Ukiona njiwa ishirini pamoja, tafuta jina jingine.

Wa pili ndiye ninayempenda zaidi, na kama utakuwa na nafasi ya kumjua mmoja tu, mjue huyu: pugi mwenye uso mweupe, Turtur tympanistria. Urefu wake ni sentimita 22 hivi na uzito wake haufiki gramu 100. Dume akikugeukia ni mweupe kuanzia paji la uso, koo, kidari hadi tumboni, na mstari mweusi unapita kwenye jicho. Akikupa mgongo ni kahawia nyeusi tupu. Kwa hiyo ndege mmoja anaweza kukutokea kwenye kivuli kana kwamba kuna mtu amewasha taa, kisha akageuka na kutoweka pale pale bila kusogea hata hatua moja. Jike ana kijivu mahali ambapo dume ana weupe safi, na wengi humdhania kuwa ndege mwingine. Makinda yaliyokwisha kuruka yana michirizi ya kahawia, nayo yanasumbua hata wazoefu. Angalia wamefuatana na nani kabla ya kuwapa jina.

Wa tatu ni pugi kichwa-buluu, Turtur brehmeri. Ndiye mkubwa wao, wa sentimita 25 hivi, mwili wote wa rangi ya kutu, kichwa cha kijivu-buluu, na madoa ya bawani yanayong'aa kama shaba. Anakaa ndani ya msitu mkubwa wa bondeni, ule unaoanza Sierra Leone na kuja kuishia upande wetu wa Ituri na Semuliki. Huyu usimtafute. Kama shamba lako linagusana na msitu ambao haujawahi kukatwa, ipo siku atavuka njia mbele yako, na utamjua kwa sababu atakuwa mwekundu kupita pugi wote uliokwisha kuwaona.

Wote watatu wana alama moja ambayo haidanganyi wakiruka: karibu na kiuno, mgongoni, kuna mistari miwili myeusi yenye mstari mweupe-mweupe katikati, na mbawa zikifunguka zinatoa rangi ya kahawia-nyekundu. Jizoeze kuelekeza jicho kwenye kiuno pale ndege anapochomoka. Ni nusu sekunde tu, lakini ni nusu sekunde ya kutosha.

Usimchanganye pugi na hua mkubwa anayekaa kwenye nyaya na mikaratusi ya Butembo, yule mwenye ukosi mweusi nyuma ya shingo. Huyo ni mzito, hukaa mahali pa wazi, na hajali nani anamtazama. Anayeweza kukukwamisha kweli ni njiwa wa sakafu ya misitu ya milimani, Columba larvata, ambaye naye ana uso mweupe na naye hutembea juu ya majani makavu. Yeye ni mkubwa kuliko pugi, kidari chake ni cha rangi ya mdalasini badala ya nyeupe, shingo yake ina mng'ao wa kijani na shaba, na hana madoa bawani. Ukiwa juu, upande wa Lubero au kwenye miteremko ya Ruwenzori, mfikirie yeye kwanza. Ukiwa chini kwenye kakao, mfikirie pugi.

Sasa masikio, maana huku ndiko kazi ilipo. Kwa kila pugi utakayemwona, utasikia wengi ambao hutawaona, na ukishajua sauti zao unaweza kuwahesabu ukiwa umelala kitandani.

Pugi wote huanza kwa namna moja: mlio mmoja wa chini, kimya, mwingine, kimya, kama anayesita. Halafu milio inafuatana, du, du, du-du-du. Tofauti iko mwishoni. Madoa-buluu huharakisha huku sauti ikishuka, sawa na mpira uliodondoshwa kwenye sakafu ya simenti, midundo ikikaribiana hadi huwezi kuihesabu. Wa uso mweupe hafanyi hivyo. Akishapata mwendo anaendelea nao kwa urefu uleule, bila kushuka wala kufifia, kisha anakata ghafla. Kwa hiyo usijibu haraka. Subiri mwisho wa wimbo ndipo useme ni nani. Kichwa-buluu ni wa polepole zaidi, na sauti yake hutoka mbali ndani ya miti. Ukiisikia, andika na uishie hapo.

Sauti nzito ya namna hii ni ngumu kujua inatoka wapi. Utageuza kichwa kushoto, kulia, na kila upande utaonekana kuwa ndio. Weka viganja nyuma ya masikio na uzunguke polepole. Mahali inapokolea ndipo penyewe. Na hapa wengi hukosea jambo moja: kwa kuwa wamesikia kwamba pugi ni wa chini, wanatazama chini. Pugi hula chini lakini mara nyingi huimba juu, mita chache kutoka ardhini, kwenye tawi la kivulini au kamba ya mmea unaotambaa, karibu na shina. Tafuta kwenye usawa wa paa la nyumba.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tena saa kumi jioni. Lakini nakushauri ujaribu pia saa saba mchana, jua likiwa kali na ndege wengine wote wamenyamaza. Pugi hajali joto. Kwa mkulima aliyepumzika kivulini baada ya chakula, hiyo ndiyo saa ya kujifunza, na ndiyo saa ambayo watu wengi wako shambani pamoja, jambo ambalo hapa kwetu lina uzito wake.

Unaweza kuanza kujifunza sauti kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye intaneti kuna hazina iitwayo Xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa dunia nzima huweka rekodi za sauti za ndege, na yeyote anaweza kuzisikiliza bila malipo. Tafuta kwa jina la Kilatini, pakua rekodi tatu au nne usiku wakati mtandao umetulia, uzibakishe kwenye simu. Sikiliza ukiwa unapika, ukiwa unangoja maji. Ila usizipige shambani ili kumwita ndege. Dume atadhani ameingiliwa, ataacha shughuli zake aje kupambana na simu yako, na kama ana mayai yatapoa. Tena simu inayolia kwa nguvu pembezoni mwa pori huita wengine wasio ndege.

Kwa picha, kitabu kinachobebeka ni kile cha Ian Sinclair na Peter Ryan kuhusu ndege wa Afrika kusini mwa Sahara, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2003, kwa sababu Kongo imo. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha Afrika Mashariki ni kizuri mno, lakini kinaishia mpakani Kasindi, ingawa ndege wenyewe wanavuka Semuliki kila siku bila kuonyesha karatasi. Vyote viwili ni vya Kiingereza na ni ghali. Shule au parokia kadhaa zikichanga, nakala moja inatosha mtaa mzima. Ukisoma vitabu vya zamani utakutana na jina la James Chapin, Mmarekani aliyezunguka misitu ya Ituri na Uele pamoja na Herbert Lang kati ya 1909 na 1915, akaja kuandika juzuu nne za ndege wa Kongo zilizotoka kati ya 1932 na 1954. Mengi yaliyoandikwa baadaye kuhusu ndege wa upande huu yamesimama juu ya kazi hiyo.

Ukae wapi? Bondeni, kuanzia Beni mjini kushuka Mutwanga na Watalinga, shamba la kakao lenye miti ya kivuli halina mpinzani. Majani ya kakao huanguka mwaka mzima, yanatandika sakafu nene kavu ambayo pugi hutembea juu yake kama yuko msituni, na mbegu za magugu hazikosekani. Chagua mahali ambapo kakao inakutana na kitu kingine: migomba, kijito, mihogo, njia ya miguu. Kaa kwenye mkutano huo, mgongo ukiegemea shina, uso ukitazama upande wa kivuli.

Juu Butembo, karibu mita 1,700 na zaidi, mambo ni magumu kidogo. Mikaratusi imetawala vilima, na chini ya mikaratusi hakuna cha kula. Achana nayo. Shuka kwenye makorongo yenye vijito ambako bado kuna vichaka na miti ya asili, au ukingo wa kahawa ya zamani yenye kivuli, au bustani za parokia na shule za zamani zilizoachiwa miti yake. Pugi wa uso mweupe hupanda hadi milimani na huridhika na kipande kidogo cha kichaka mradi kiwe kinene na chenye giza. Kipindi cha mvua chache, Januari na Februari, halafu Juni na Julai, kaa karibu na maji. Anayekula mbegu kavu lazima anywe, na pugi, kama njiwa wote, hunywa kwa kufyonza bila kuinua kichwa. Ukimwona ndege mdogo ameinamisha mdomo majini bila kuuinua, umeshampata hata kabla hujaona rangi.

Kabla ya kukaa, salimia. Shamba la mtu si mbuga. Sema "Wavukire" au "Jambo, mama", eleza umekuja kufanya nini, na ukubali kuchekwa. Mama anayepalilia hapo anajua pugi wake hulala upande gani na hula wapi, hata kama kwake wote ni njiwa wa pori tu. Mara nyingi dakika kumi za mazungumzo naye zinashinda asubuhi nzima ya kukaa kimya. Mwombe mtoto mmoja mwenye subira akae nawe. Macho yake yatamwona ndege kabla yako. Mbwa abaki nyumbani.

Halafu tulia, dakika ishirini kwa uchache. Kumi za kwanza hazina kitu, pori lote linajua umefika. Baada ya hapo vitu vinaanza kusogea. Usitafute ndege, tafuta jani lililotikisika chini. Pugi huenda hatua tatu, husimama, hudonoa, hutikisa mkia kidogo, huenda tena. Akikuona usimkazie macho, tazama pembeni yake kidogo, na usiinue mkono.

Kuhusu mavazi na vyombo, hapa napingana na vitabu vyote. Vitabu hushauri nguo za kijani na za madoa ili ujifiche. Katika Beni usithubutu. Vaa shati la kawaida la raia, la kahawia au la buluu iliyokolea, ambalo mtu akikuona kwa mbali atajua ni mwalimu au mkulima. Kofia ya rangi ya jeshi, koti la madoa, buti, vyote viache. Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mtu aliyejificha kichakani na darubini akitazama barabara hana maelezo ambayo askari mchovu atayapokea kwa urahisi. Ukiwa na darubini, ibebe ndani ya mfuko, uitoe ukiwa umekaa shambani kwa mwenyeji wako, na usiielekeze kamwe kwenye bariere, daraja, kambi, au uwanja wa ndege wa Mavivi. Mapema mweleze shefu wa mtaa au wa nyumba kumi; barua fupi yenye muhuri wake, ikisema wewe ni nani na unaangalia ndege wa porini, ina thamani kuliko darubini yenyewe. Ukisimamishwa, onyesha daftari lenyewe. Michoro ya ndege humfanya mtu acheke. Michoro ya njia na vijito humfanya aulize maswali, kwa hiyo usichore ramani.

Bila darubini pia inawezekana. Pugi akija mwenyewe, anakuja hadi mita nane, kumi. Macho yanatosha.

Anayetaka kuona msitu mzima kwa utulivu, na ana pasipoti na nauli, avuke kwenda Hifadhi ya Taifa ya Semuliki upande wa Bundibugyo nchini Uganda, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1993. Ni ncha ya msitu wetu uleule wa Ituri, na kule Sempaya, penye chemchemi za maji moto, kuna waongozaji wa hifadhi.

Pugi hula nini ni swali litakaloulizwa na mwenye shamba kabla ya lolote, na uwe na jibu. Hula mbegu zilizokwisha kuanguka, matunda madogo, mchwa na wadudu wadogo, na mara nyingine konokono wadogo. Hapandi juu ya suke la mpunga kulikwanyua. Wanaoharibu mpunga ukiwa shambani ni wengine, hasa kwera wanaofuma viota kwenye michikichi. Kwenye turubai la kuanika pugi anaweza kuja kuokota punje mbili tatu pembezoni, naye hukimbia mtoto akikohoa. Akionekana kwenye shamba lililopandwa jana, huwa anaokota mbegu zilizobaki juu; fukia vizuri na ugomvi umekwisha.

Anapenda sana mbegu za mbarika, ule mmea wenye majani mapana kama kiganja unaojiotea kwenye majalala na mabomoko. Ukiwa na mbarika nyuma ya nyumba, tayari una meza ya pugi, na unaweza kumtazama dirishani bila kwenda popote. Lakini sikushauri uipande penye watoto wadogo. Mbegu hizo zina sumu kali kwa binadamu, na madoadoa yake mazuri huwavuta watoto. Iliyopo mbali na nyumba iache, iliyopo mlangoni ing'oe.

Ninaongeza neno kwa walimu wanaopenda kusema kwamba ndege wote hupanda msitu. Pugi si mpanzi. Humeza changarawe ndogo, ndiyo maana utamkuta barabarani akiokota kisichoonekana, na firigisi yake husaga mbegu pamoja na changarawe hizo hadi ziwe unga. Kinachoingia hakioti tena. Kazi ya kusambaza mbegu mwachie hondohondo.

Kiota utakiona usipotafuta, na pengine ni siku ya kupogoa kakao au kahawa. Ni vijiti vichache vilivyolazwa ovyo kwenye panda ya tawi au kwenye msongamano wa mimea inayotambaa, vyembamba hadi ukisimama chini unaona mayai kupitia sakafu yake. Mayai ni mawili, meupe-maziwa. Dume na jike hupokezana kulalia, na baada ya kuanguliwa huwalisha makinda maziwa ya njiwa, uji mzito unaotoka kwenye gole la mzazi, kabla ya kuwaanzishia mbegu. Ukiona ndege amekaa na hasogei hata ukiwa karibu, usifurahie kwamba amekuzoea; anajizuia. Rudi nyuma. Funga kitambaa kwenye mti wa jirani ili wapogoaji waruke tawi hilo, uliache mwezi mmoja hivi, kisha endelea na kazi. Usiende kuchungulia kila siku, maana kila safari yako inaacha njia na harufu, na wapo wanaojua kuzisoma.

Kwa watoto wenye manati sina hotuba. Nyama ya pugi haishibishi mtu, na mtoto anayeweza kumpiga pugi tayari anajua tabia zake kuliko mimi. Mpe daftari na kalamu, mwambie akuletee mahali pa viota bila kuvigusa. Kumfuga pia si wazo zuri: pugi hushtuka kwa kila kitu na hujigonga kwenye nyavu hadi aumie. Na ndani ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo sekta yake ya kaskazini iko jirani na mashamba mengi ya Beni, kunasa ndege ni kosa, hata awe mdogo namna gani.

Kwa kuwa huruka chini na kwa kasi, pugi huweza kugonga vioo vya madirisha, hasa ya shule na vituo vya afya vilivyojengwa karibu na miti. Akianguka bado anapumua, mfunike kwa kitambaa, mweke ndani ya boksi la katoni lenye matundu, mahali pa giza na kimya, kwa muda wa saa moja. Usimmiminie maji mdomoni. Baadaye fungua boksi karibu na kichaka. Kama ataruka, ataruka mwenyewe. Akiwa amekufa, mwokote kwa mfuko wa plastiki na umfukie, unawe mikono. Ebola iliyotangazwa Mangina Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, haikuletwa na ndege, na usikubali mtu aseme hivyo. Lakini mazoea ya kutogusa mzoga kwa mikono mitupu tuliyajifunza kwa gharama kubwa, tusiyaache.

Sasa daftari. Andika tarehe, saa, mahali kwa jina linalojulikana na wenyeji, hali ya hewa, ni pugi yupi, umemwona au umemsikia, chini au juu ya tawi. Andika pia siku ambazo ulikaa na hukusikia kitu. Ukifanya hivyo mwaka mzima mahali pamoja utaanza kuona jambo ambalo ndege mmoja hawezi kukuonyesha. Hakuna kati ya pugi hawa watatu aliye kwenye hatari ya kutoweka duniani, na sitaki kukutisha. Lakini kila mmoja anataka kivuli chake: madoa-buluu huridhika na shamba la wazi, wa uso mweupe anataka kichaka kinene au kakao yenye miti juu yake, kichwa-buluu anataka msitu wenyewe. Miti ya kivuli ikikatwa kwa ajili ya makaa na mbao, wa uso mweupe hunyamaza kwanza, na wimbo unaoshuka mwishoni ndio unaobaki. Msitu ukisogea mbali, wa ndani husogea nao. Kwa hiyo mtu aliyekaa mahali pamoja, kwenye kiti, akisikiliza tu miisho ya nyimbo, anaweza kusema ukingo wa msitu umerudi nyuma kiasi gani bila kwenda kuupima kwa miguu. Mwenye shamba akikuuliza afanye nini ili wa uso mweupe abaki, mwambie aache ukanda wa kichaka mita chache kando ya kijito, na asifagie majani yote ya kakao hadi udongo uwe mtupu. Hayo mawili yanatosha kuanzia.

Ukitaka, yaingize uliyoyaona kwenye programu ya eBird, ambamo rekodi za upande huu si nyingi, ila fanya hivyo baada ya siku kadhaa na utaje mji badala ya kijia chenyewe. Na mwisho wa kila wiki piga picha kurasa zako kwa simu, umtumie ndugu aliye Butembo, Goma au Kampala. Huku kwetu nyumba huhamwa usiku bila taarifa, na mtu hubeba watoto, godoro na sufuria, daftari hubaki.